Selimundu Kanda ya Ziwa: Mtoto anaishije kati ya kliniki moja na nyingine?

Na Mwandishi Wetu, Shinyanga

KATI ya kila watoto 100 wanaozaliwa katika mikoa ya kaskazini magharibi mwa Tanzania, mmoja au zaidi kidogo huja duniani akiwa na ugonjwa wa selimundu, ambao wananchi wengi wanaufahamu kwa jina la sikoseli. Mmoja kati ya watano hubeba vinasaba vya ugonjwa huo bila kuumwa na, mara nyingi, bila kujua.

Hayo si makadirio ya mezani. Yanatokana na utafiti uliofanyika katika Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Bugando, jijini Mwanza, uliopima sampuli zipatazo 17,200 za damu ya watoto wadogo wa kanda hiyo, na matokeo yake kuchapishwa mwaka 2020 katika jarida la Shirika la Afya Duniani (WHO). Mikoa ya Geita, Mwanza, Shinyanga na Simiyu ilibainika kuwa na wabebaji wa vinasaba kwa asilimia 20 au zaidi.

Namna sampuli hizo zilivyopatikana inastahili kuelezwa, kwa kuwa inaonyesha jinsi kitu kilichokusudiwa kazi moja kinavyoweza kufanya kazi nyingine. Watoto wanaozaliwa na mama wenye virusi vya Ukimwi hutobolewa kisigino wakiwa wachanga, matone ya damu yakakaushwa juu ya karatasi maalumu na kupelekwa maabara ya Bugando kuangaliwa kama wameambukizwa. Karatasi hizo hubaki. Watafiti wakazitumia upya kupima himoglobini, na hivyo kupata ramani ya selimundu ya kanda nzima bila kumchoma sindano mtoto hata mmoja zaidi.

Kwa kulinganisha, upimaji wa watoto wachanga 3,981 uliofanyika Muhimbili na Temeke, Dar es Salaam, kati ya mwaka 2015 na 2016, ulikuta wenye ugonjwa ni asilimia 0.8 na wabebaji ni asilimia 12.6. Kanda ya Ziwa ilipata asilimia 1.2 na 20.3. Tofauti hiyo ni kubwa kwa mkoa unaotegemea zahanati za vijijini na hospitali chache kama ile ya Kolandoto.

Msomaji anayependa hesabu anaweza kujithibitishia mwenyewe. Ikiwa mtu mmoja kati ya watano ni mbebaji, basi wanandoa wawili waliokutana kwa bahati tu wana nafasi moja kati ya 25 ya kuwa wabebaji wote wawili. Kila mimba ya wanandoa hao ina nafasi moja kati ya nne ya kuleta mtoto mgonjwa. Zidisha, na utapata mtoto mmoja kati ya 100.

Hospitali ya mamisheni, mzigo wa leo

Kolandoto ni kata iliyo nje kidogo ya mji wa Shinyanga, si mbali na machimbo ya almasi ya Mwadui yaliyoanzishwa na Mkanada John Williamson mwaka 1940. Hospitali yake ilianzishwa mwaka 1913 na wamisionari wa Africa Inland Mission, na leo iko chini ya Kanisa la Africa Inland Church Tanzania (AICT). Karibu nayo kuna chuo cha sayansi za afya ambacho wahitimu wake hutawanyika katika vituo vya kanda nzima.

Waliojenga hospitali hiyo hawakuwa na habari za selimundu. Ilikuwa miaka mitatu tu tangu daktari James Herrick wa Chicago, Marekani, aeleze kwa mara ya kwanza katika jarida la kitabibu, mwaka 1910, chembe za damu zenye umbo la mundu alizoziona katika damu ya kijana kutoka kisiwa cha Grenada. Afrika ugonjwa ulikuwapo kwa karne nyingi, lakini ulijificha nyuma ya malaria, upungufu wa damu na nimonia, na katika nyumba nyingi bado umejificha hapo hapo.

Uhusiano wake na malaria ndio unaoeleza kwa nini Kanda ya Ziwa ina wagonjwa wengi. Anthony Allison, daktari aliyekulia Kenya, alichukua damu za watu wa makabila mbalimbali ya Afrika Mashariki na mwaka 1954 akachapisha ushahidi kwamba mtu aliyerithi kinasaba kimoja cha selimundu ana kinga kubwa dhidi ya malaria kali. Panapo mbu wengi kwa vizazi vingi, wabebaji huokoka na kuzaa zaidi. Nyanda za juu zenye baridi hazina wabebaji wengi. Mwambao wa bahari na maeneo yanayozunguka Ziwa Victoria wanao.

Ajabu yake ni kwamba aliyerithi vinasaba viwili hapati nafuu hiyo. Malaria ikimkuta mtoto mwenye selimundu humshushia damu haraka na huweza kumuua, na ndiyo maana chandarua kwake si jambo la kuchagua.

Kinachotokea mwilini

Chembechembe nyekundu za damu ya mtu mzima kiafya ni laini na duara, na huishi takriban siku 120. Za mgonjwa wa selimundu, zikikosa oksijeni ya kutosha, hukakamaa na kujikunja mfano wa mundu. Hudumu siku 10 hadi 20 tu. Kwa sababu hiyo mwili wa mtoto hutengeneza damu usiku na mchana na bado haitoshi, macho huwa ya manjano, na mtoto huchoka upesi.

Chembe hizo ngumu pia hunasa katika mishipa midogo na kuzuia damu kupita. Sehemu iliyokosa damu huuma. Ikiwa ni mfupa, ni maumivu ambayo watu wazima waliowahi kuyapata huyafananisha na mfupa unaovunjwa taratibu. Ikiwa ni mapafu, mtoto hushindwa kupumua. Ikiwa ni ubongo, ni kiharusi, hata kwa mtoto wa miaka mitano.

Miezi sita ya kwanza mtoto hulindwa na himoglobini aliyotoka nayo tumboni mwa mama. Baada ya hapo dalili ya mwanzo mara nyingi ni kuvimba vidole vya mikono na miguu, mtoto akilia kila anaposhikwa. Wazazi wengi hudhani ameteguka au ameumwa na mdudu. Bandama nayo inaweza kuvimba ghafla kwa kufyonza damu nyingi, na ndani ya saa chache mtoto akapauka na kuzimia. Nchini Jamaica, kliniki iliyowafundisha akina mama kupapasa tumbo la mtoto kila siku na kuitambua bandama iliyovimba ilipunguza vifo vya aina hiyo kwa kiasi kikubwa. Somo hilo halihitaji mashine wala umeme, na linaweza kufundishwa chini ya mwembe wa zahanati yoyote.

Vifo hivyo vinahesabika. Katika kliniki ya selimundu ya Muhimbili, timu iliyoongozwa na Profesa Julie Makani iliwafuatilia wagonjwa 1,725 kati ya mwaka 2004 na 2009. Kwa jumla walifariki takriban wawili katika kila wagonjwa 100 kwa mwaka. Miongoni mwa walio chini ya umri wa miaka mitano walifariki zaidi ya saba. Ikumbukwe kwamba hao ni waliokwisha kutambuliwa na kufika kliniki. Aliyefia kijijini akiwa na miezi tisa, ikaandikwa malaria au isiandikwe chochote, hayumo katika hesabu hiyo.

Ubora wa maisha hupimwaje?

Kwa miaka mingi swali pekee lililoulizwa kuhusu mtoto wa selimundu lilikuwa kama atafika miaka mitano. Sasa, kadiri wengi wanavyovuka umri huo, watafiti wameanza kuuliza swali jingine: anaishi vipi?

Kipo kipimo kinachotumika sehemu nyingi duniani, kiitwacho PedsQL, kilichobuniwa na mwanasaikolojia wa Marekani James Varni. Kina maswali 23. Manane yanahusu mwili: je, unaweza kutembea mwendo mrefu, kukimbia, kunyanyua kitu kizito, kuoga mwenyewe, kufanya kazi za nyumbani? Matano yanahusu hisia, matano uhusiano na wenzake, na matano ya mwisho shule. Mtoto huulizwa kuhusu mwezi uliopita, na majibu hugeuzwa alama kutoka 0 hadi 100. Watoto kuanzia miaka mitano hujijibia wenyewe kwa kusaidiwa, na mzazi hujibu kwa upande wake.

Iko pia sehemu maalumu ya selimundu yenye maswali 43, na karibu yote ya mwanzo ni kuhusu maumivu: yanauma wapi, yanakuzuia kufanya nini, unaweza kuyatuliza, unaogopa yatakuja lini. Mengine yanauliza jambo ambalo hospitalini hukumbukwa mara chache, nalo ni kama mtoto anaweza kuwaeleza wengine kwamba anaumwa na wakamwamini.

Matokeo yanayojirudia katika nchi mbalimbali ni kwamba watoto hawa hupata alama za chini kuliko wenzao wazima, hasa katika mwili na shule. Jingine ni kwamba mzazi na mtoto mara nyingi hawakubaliani, na mzazi huona hali ni mbaya zaidi kuliko anavyoiona mtoto mwenyewe. Mwandishi wa makala haya anaona lipo jambo la kujifunza katika tofauti hiyo. Mama hukumbuka usiku wa kukimbizana na bodaboda kutafuta hospitali. Mtoto, maumivu yakishapoa, anataka kwenda kucheza.

Kipimo hicho, hata hivyo, kilitungwa kwa ajili ya mtoto wa mji wa Marekani. Kumuuliza mtoto wa Kishapu au Nyang'hwale kuhusu kutembea mwendo mrefu ni kumuuliza kuhusu safari yake ya kila siku ya shule. Kunyanyua kitu kizito ni ndoo ya maji. Kazi za nyumbani ni kupalilia pamba na kuchunga ng'ombe. Alama ya chini kwake ina maana nzito kuliko kwa yule aliyetungiwa maswali.

Maji, baridi na jua

Mambo yanayochochea maumivu yanafahamika: kupungukiwa maji mwilini, baridi ya ghafla, uchovu mkubwa, homa na maambukizi. Ukiyasoma kwa macho ya mkazi wa Shinyanga utaona kwamba ni orodha ya maisha ya kawaida ya kijijini.

Shinyanga ni mkoa mkavu. Kiangazi huanza baada ya mvua za masika kukatika na kuendelea hadi Oktoba au Novemba, na asubuhi za Juni na Julai zina ubaridi unaouma. Daktari anapomwambia mama ampe mtoto maji mengi, maana yake ni ndoo kadhaa za ziada kwa wiki. Mradi wa kuvuta maji ya Ziwa Victoria kutoka Ihelele, wilayani Misungwi, hadi miji ya Kahama na Shinyanga, uliozinduliwa mwaka 2009, uliwapunguzia wakazi wa mijini taabu hiyo. Kwa aliye mbali na bomba, mtoto mwenye selimundu hushindana na ng'ombe kwa maji ya lambo.

Figo za watoto hawa nazo hushindwa kubana mkojo. Hunywa sana na kukojoa sana, na wengi huendelea kukojoa kitandani hadi umri mkubwa. Nyumbani hupigwa kwa uvivu wasiokuwa nao. Darasani huomba ruhusa mara kwa mara, na mwalimu mwenye wanafunzi zaidi ya mia katika chumba kimoja huona ni utundu.

Huko Geita hali ina sura nyingine. Tangu mgodi mkubwa wa Geita uanze uzalishaji mwaka 2000, na kabla yake enzi za wachimbaji wadogo, watu wamekuwa wakihamia kutoka Shinyanga, Mwanza na kwingineko kufuata dhahabu. Baba hupokea habari za rashi mpya, akaondoka. Familia ikimfuata, kadi ya kliniki hubaki bila kituo cha kudumu: leo Nyarugusu, mwezi ujao kwingine. Mtoto anayehitaji kuonwa kila mwezi au kila baada ya miezi mitatu hupotea katika daftari la muuguzi. Makambi ya wachimbaji yana vumbi la makarasha yanayosaga mawe na moshi wa kuni, na kwa mtoto ambaye mapafu yake ni sehemu ya hatari, hayo ni makazi mabaya.

Kinyume chake, siku dhahabu inapopatikana, matibabu hulipwa kwa fedha taslimu. Kisha huja miezi mitatu bila kitu. Ugonjwa wa kila siku haupatani na kipato cha namna hiyo.

Shuleni

Mtoto wa selimundu anaweza kukosa masomo siku kadhaa kila mwezi. Hakosi kwa mpangilio. Leo yupo na anacheka, kesho mguu hausogei, keshokutwa amerudi anachechemea. Kwa mwalimu asiyeujua ugonjwa huo, mabadiliko hayo yanafanana kabisa na utoro.

Kanuni za adhabu ya viboko za mwaka 2002 zinaweka ukomo wa viboko vinne na zinataka umri, jinsia na afya ya mwanafunzi vizingatiwe. Ni vigumu kuzingatia afya usiyoifahamu. Barua ya daktari iliyokunjwa ndani ya daftari, ikisema mtoto huyu asiadhibiwe kwa viboko, asisimamishwe juani, asichimbe shimo la choo, aruhusiwe kuingia na chupa ya maji na kutoka kwenda msalani, haigharimu zaidi ya karatasi. Kila kliniki ingeweza kuitoa, na mzazi ana haki ya kuiomba.

Lipo pia tatizo lisiloonekana kwa macho. Baadhi ya watoto hupatwa na viharusi vidogo visivyopooza kiungo chochote, ila huacha makovu kwenye ubongo yanayopunguza uwezo wa kuelewa na kukumbuka. Mtoto aliyekuwa wa kumi bora darasa la pili akawa wa mwisho darasa la nne huenda hakuzembea.

Kisha kuna umbo. Watoto hawa huchelewa kukua na kubalehe. Msichana wa miaka 15 aonekanaye ana kumi, na mvulana ambaye wenzake wamemzidi bega, hupewa majina. Macho ya manjano huongeza mengine. Katika mkoa ambao umewahi kushuhudia vikongwe wakiuawa kwa sababu ya macho mekundu, hakuna anayepaswa kuyachukulia kwa wepesi maneno yanayosemwa juu ya macho ya mtoto.

Lawama kwa mama

Katika familia nyingi mtoto anayeugua kila mara hutafutiwa mchawi kabla ya kutafutiwa kipimo. Mganga wa jadi hupata kuku, kisha mbuzi, na siku hupita. Anayetajwa huwa ni jirani, shangazi, au mama mzazi mwenyewe. Wapo wanaume wanaosema ukoo wao hauna ugonjwa huo, wakaoa mke mwingine.

Ukweli wa kisayansi hauruhusu dai hilo. Mtoto hawezi kuwa na selimundu aina kuu bila kupokea kinasaba kutoka kwa baba na kingine kutoka kwa mama. Baba mzima, mwenye nguvu, ambaye ukoo wake haujawahi kuugua, ndiye hasa mbebaji anavyoonekana. Na akioa mke mwingine ndani ya kanda hii, nafasi ya kumpata mbebaji mwenzake bado ni moja kati ya tano.

Kupima kabla ya ndoa husemwa sana majukwaani. Ni ushauri mzuri, lakini mahali ambapo ng'ombe wa mahari wameshahesabiwa na wazee wameshakubaliana, cheti cha maabara kinachofika wiki ya harusi hakimsaidii mtu. Kipimo kinachoweza kubadili jambo ni kile kinachofanywa shuleni au kwenye kliniki ya wajawazito, mapema, na kwa lengo la kumjua mtoto atakayehitaji huduma zaidi ya kuvunja uchumba.

Dawa zipo

Jambo linalosikitisha ni kwamba mengi yanayowaua watoto hawa yana kinga ya bei nafuu. Mwaka 1986 utafiti wa Marekani ulionyesha kuwa penisilini ya kumeza, mara mbili kwa siku, hupunguza maambukizi makali ya bakteria wa nimonia kwa asilimia 84. Ulisimamishwa kabla ya muda wake kwa sababu tofauti ilikuwa dhahiri mno. Mtoto huanza dawa hiyo akiwa na miezi miwili au mitatu na kuendelea hadi miaka mitano. Chanjo nazo zimesaidia: ile ya Hib iliingia katika ratiba ya taifa mwaka 2009 na ya nimonia mwaka 2013. Vidonge vya foliki hutolewa kila siku. Homa inayofikia nyuzi 38.5 kwa mtoto wa selimundu ni dharura, hata kama ni saa nane usiku.

Lakini mtoto hawezi kupewa penisilini akiwa na miezi mitatu kama ametambuliwa akiwa na miaka mitatu. Ndipo vinapoingia vipimo vya haraka vinavyotumia tone moja la damu na kutoa jibu ndani ya dakika zipatazo 15, bila maabara kubwa. Kuvifikisha katika kila wodi ya wazazi ya Shinyanga na Geita ndiyo hatua inayosubiriwa.

Dawa iliyobadili zaidi maisha ya waliokwisha kutambuliwa ni haidroksiurea. Awali ilitumika kutibu baadhi ya saratani; kwa selimundu huufanya mwili kurudia kutengeneza himoglobini ya utotoni, ile inayomlinda mchanga. Wapo madaktari waliohofia kwamba Afrika, penye malaria na utapiamlo, ingeleta madhara. Utafiti uitwao REACH, uliofanyika Kilifi nchini Kenya, Mbale nchini Uganda, Kinshasa na Luanda, kwa watoto 606, uliiondoa hofu hiyo mwaka 2018. Matukio ya maumivu yalipungua kutoka 98 hadi 45 kwa kila watoto 100 kwa mwaka. Kuongezewa damu kulishuka kutoka 43 hadi 14, malaria kutoka 47 hadi 23, na vifo kutoka karibu wanne hadi mmoja.

Hata Bugando imefanya kazi yake mwenyewe juu ya dawa hiyo, kwa kuwapima watoto kasi ya damu kwenye mishipa ya ubongo kwa mashine ya mawimbi ya sauti, na kuwapa haidroksiurea wale walioonekana kukaribia kiharusi.

Dawa hunywewa kila siku, kwa miaka, na damu ipimwe mara kwa mara. Zaidi ya kilomita 150 kutoka Shinyanga hadi Mwanza si mbali kwa mwenye gari. Kwa mama mwenye watoto watano na jembe, ni nauli ya kwenda na kurudi, chakula cha njiani na siku mbili za shamba. Ndiyo maana thamani ya hospitali kama Kolandoto, au ile ya rufaa ya mkoa, haiko katika utaalamu wa kipekee bali katika ukaribu: kupima wingi wa damu, kujaza dawa ya mwezi, kumtundikia mtoto dripu, kumpa dawa ya maumivu yenye nguvu inayolingana na maumivu. Hili la mwisho bado ni gumu. Watoto wengi hupewa panadol kwa maumivu ambayo mtu mzima angepewa mofini.

Kwa upande wa gharama, Sera ya Afya ya mwaka 2007 iliwasamehe watoto wa chini ya miaka mitano kulipia matibabu katika vituo vya umma. Mtoto wa selimundu aliyeokoka hadi siku ya kutimiza miaka mitano huuvuka mpaka huo akiwa na ugonjwa ule ule. Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote Novemba 2023, na kwa familia hizi kipimo cha sheria hiyo kitakuwa chupa ya haidroksiurea kwenye dirisha la dawa la kituo cha afya.

Damu nayo ni habari yake. Mpango wa Taifa wa Damu Salama, ulioanza mwaka 2004, unategemea sana wanafunzi wa sekondari kuchangia. Shule zikifungwa, makabati ya damu hupungua, na ndugu huanza kupigiana simu kutafuta mtu wa kundi linalofanana.

Kuhusu kuponya kabisa, njia iliyozoeleka ni upandikizaji wa uloto. Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, ilianza kuwafanyia watoto wenye selimundu mwaka 2023. Desemba mwaka huo huo Marekani iliidhinisha tiba mbili za kurekebisha vinasaba, kwa bei inayozidi dola milioni mbili kwa mgonjwa mmoja, kiasi ambacho kwa sasa si cha kujadiliwa Shinyanga wala Dar es Salaam. Upandikizaji unahitaji ndugu wa baba na mama mmoja ambaye uloto wake unalingana na wa mgonjwa, na nafasi ya kila ndugu kulingana ni moja kati ya nne. Ndugu huyo naye asiwe na selimundu. Mbebaji wa kinasaba kimoja anaruhusiwa kuchangia.